Kizibo kisichokaa: uchambuzi wa kisa cha meno yenye florosisi, Nakuru

Kisa hiki nakiandika kwa wenzangu wanaoziba meno Nakuru na kwingineko Bonde la Ufa, na kwa mgonjwa yeyote anayejiuliza kwa nini jino lilelile linamrudisha kwa daktari kila mara. Mwenye kisa ameridhia kiandikwe. Jina, kazi, mtaa na umri wake kamili vimeondolewa, na kliniki alizopitia kabla ya kufika kwetu hazitajwi.

Usuli

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka ya thelathini, mzaliwa wa kaunti ya Nakuru. Alilelewa katika boma lililotegemea kisima kirefu cha mashine kwa maji ya kunywa na kupikia. Kazi yake inamkutanisha na watu kutwa nzima. Kato zake za juu, yaani meno ya mbele ya kukatia, zina sura ambayo kila aliyekulia huku anaijua: weupe mzito wa chaki juu ya uso wote wa jino, mistari ya kahawia katikati, na vishimo vidogo viwili vitatu karibu na ncha.

Hiyo ni florosisi. Haiji kwa uchafu wala kwa uvivu wa kupiga mswaki, ingawa wengi wenye meno haya wamesimangwa hivyo tangu shuleni. Inaanza utotoni, jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya, mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita kiwango hicho, kwa sababu maji yake yametoka kwenye miamba ya volkano. Kwa kipimo cha ukali wa florosisi cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, kinachoanzia 0 hadi 9, kato zake nilizipa 5: uso wote umepauka na kuna vishimo visivyofika upana wa milimita 2.

Vizibo vyake kabla ya kufika kwetu

“Daktari, mimi nimechoka kulipia jino moja.” Ndivyo alivyoanza, hata kabla ya kukaa.

Jino lenyewe lilikuwa kato ya kati ya juu, upande wa kulia. Pembe yake ilimeguka akila mahindi ya kuchoma. Kliniki ya kwanza ilimjengea pembe hiyo kwa kompoziti, yaani ile resini yenye chembe za glasi, ya rangi ya jino, inayogandishwa kwa taa ya bluu. Ilikaa miezi michache, kisha ikabanduka kipande kizima. Aliitema mkononi akaihifadhi kwenye tishu, akatuletea.

Baada ya hapo alinunua dawa ya peroksaidi ya kung'arisha meno, akitumaini kuipunguza kahawia kwanza ndipo ajengewe jino upya. Siku chache tu baada ya kuitumia akajengewa pembe mara ya pili, mahali pengine. Haikumaliza mwezi. Walimrudishia bila malipo, kwa njia ileile, nayo ikatoka. Muda huo wote, kila wikendi, aliendelea kuitumia ile dawa kidogo kidogo ili weupe usipotee. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kusema.

Lalamiko la pili lilikuwa gego la kwanza la chini, kushoto. Lilikuwa limezibwa kwa kompoziti upande unaogusana na jino la mbele yake. Kabla ya kizibo hicho alikaa wiki kadhaa na dawa ya muda ya zinki iliyochanganywa na mafuta ya karafuu. Kizibo cha gego hakikuwa kimetoka, wala hakikutikisika. Lakini soda baridi na vitu vitamu vilimshtua, maumivu yakija kwa kasi na kupotea baada ya sekunde chache.

Ndani ya kinywa kimoja, basi, kulikuwa na kizibo kisichoshika na kingine kilichoshika lakini hakizibi. Hayo ni matatizo mawili, na kuyachukulia kama moja ndiko kunakofanya watu wabadilishe aina ya dawa ya kuziba kila mara bila kupata nafuu.

Ukaguzi

Tulianza na kile kipande alichokuja nacho. Upande uliokuwa umeelekea jino ulikuwa laini na unang'aa. Kwenye jino lenyewe hapakubaki hata tone la resini. Resini ikivunjika yenyewe huacha mabaki yake kwenye jino. Hii ilikuwa imeachana na enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, moja kwa moja, kwa hiyo tatizo lilikuwa pale viwili hivyo vinapokutana, wala si ugumu wa kompoziti. Tulimng'atisha karatasi ya rangi kuona kama jino la chini linaipiga ile pembe. Halikuwa linaipiga. Hasagi meno usiku, na misuli ya taya haikuwa na maumivu.

Gegoni, uzi wa meno ulichanika kila ulipopita chini ya kizibo. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli chembamba cheusi kwenye ukingo wa chini, pale kizibo kinapoishia karibu na ufizi. Ukingo huo ulikuwa umeshuka chini ya mwisho wa enameli, ukakalia dentini, yaani tabaka lililo chini ya enameli. Kipimo cha baridi kilionyesha kiini cha jino kiko hai na hakijaumia sana.

Halafu tulikagua vifaa vyetu wenyewe, jambo ambalo ningependa liwe desturi kila mahali kabla ya kumlaumu mgonjwa au dawa. Tulipuliza hewa ya mashine juu ya kioo safi cha mkononi kwa muda, kisha tukakiinamisha kwenye mwanga. Kukitokea ukungu wa mafuta au vitone vya maji, jua kompresa inarusha uchafu kwenye kila jino unalolikausha. Kioo kilibaki safi. Taa ya bluu tuliipima ikiwa na betri iliyojaa, kisha tena betri ikiwa imeshuka, kwa sababu stima hupotea na kazi huendelea kwa betri. Nguvu yake ilibaki juu ya miliwati 400 kwa sentimita ya mraba, kiwango ambacho wengi wetu hatukubali taa ishuke chini yake.

Jinsi kizibo kinavyoshika, kwa kifupi

Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba asidi ya fosforiki ikipakwa kwenye enameli kwa sekunde chache, resini hushika pale zaidi kuliko zamani. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85; siku hizi tunatumia ya asilimia 35 hadi 37. Asidi inayeyusha sehemu ya madini na kuacha uso wenye matundu madogo mno. Resini nyepesi inaingia humo, inagandishwa, inajifungia. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake, kwa hiyo kazi hii inafanyika vizuri.

Dentini ni jambo lingine. Madini yake ni kama asilimia 70, iliyobaki ni nyuzi za protini ziitwazo kolajeni na maji, na imejaa mirija midogo inayotoka kwenye kiini hai, yenye umajimaji ndani yake. Ukiikausha kupita kiasi, nyuzi za kolajeni zinalala na gundi haipiti. Ukiiacha na maji mengi, gundi inachanganyika na maji. Mwaka 1982 Nakabayashi na wenzake walieleza lile tabaka la mchanganyiko wa resini na kolajeni ambalo ndilo linaloshika dentini. Tabaka hilo ni jembamba sana, na maji ya kinywani hulila taratibu miaka inavyokwenda.

Zaidi ya hayo, kompoziti ikiganda hujikunja, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3 ya ujazo wake. Inapojikunja inavuta kingo. Ukingo ulio kwenye enameli iliyoandaliwa vizuri unavumilia mvuto huo. Ukingo ulio kwenye dentini karibu na ufizi mara nyingi ndio unaoachia kwanza, na mwanya wa mikromita chache unatosha: bakteria wengi wa kinywani wana upana wa takriban mikromita 1 au pungufu. Juu kizibo kinaonekana kizima, na huku chini mate, sukari na baridi vinapita. Umajimaji wa ndani ya mirija unaposukumwa ghafla, neva za kiini zinashtuka.

Enameli yenye florosisi ina mpangilio wake wa peke yake. Tabaka la juu kabisa lina madini mengi na floraidi nyingi, nalo linaikataa asidi. Chini yake mna tabaka lenye vinyweleo na madini machache. Asidi ya sekunde 15 inayotosha jino la kawaida huenda ikalilamba tu lile tabaka la juu bila kulifungua.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulimkasirisha. Tulikataa kumjengea jino siku hiyo. Peroksaidi huacha oksijeni ndani ya jino, na oksijeni huzuia resini kuganda. Ushauri wa kawaida ni kungoja wiki moja hadi mbili baada ya mara ya mwisho kuitumia, na kwa meno yenye vinyweleo kama haya tulichukua wiki mbili kamili. Alikuwa na sherehe ya familia kabla ya hapo, picha zikipigwa. Tulimwambia: “Pole sana, dada. Tukikujengea leo utapata picha, lakini utarudi hapa na kipande kwenye tishu.” Tulilainisha makali ya pembe iliyomeguka ili yasimkate mdomo, tukamwomba aiweke kando ile dawa. Alikubali bila furaha, na namheshimu kwa hilo.

Wa pili ulihusu uso wa enameli. Tuliamua kuliondoa lile tabaka la juu kwa ncha ya kuchongea yenye almasi, kwa wembamba tu, kuzunguka pembe iliyovunjika, tukichonga ukingo wa mteremko wa milimita 2 hivi. Alipouliza kwa nini tunapunguza jino ambalo tayari limepungua, nilimkumbusha fundi wa baiskeli anavyoziba pancha: kabla ya gundi hulikwaruza tyubu kwa msasa, la sivyo kiraka kinabanduka. Akaelewa papo hapo.

Wa tatu ulikuwa muda wa asidi, sekunde 60 badala ya 15, kwenye enameli peke yake. Dentini iliyokuwa imejitokeza tuliipangia sekunde 15 za mwisho tu, kwa sababu dentini ikichomwa kupita hapo, asidi inakwenda kina ambacho gundi haitafika. Tulifikiria pia kupaka kwanza haipokloraiti ya sodiamu ili kuondoa protini ya enameli. Tukaiacha, kwa kuwa faida yake kwenye florosisi haijatulia na tulitaka hatua chache tunazoziamini.

Kwa gego tuliamua kukitoa kizibo chote. Kukirekebisha ukingo kwa kuongezea resini kungeacha chini yake uozo na mabaki ya mafuta ya karafuu. Eugenoli, kiungo kikuu cha mafuta hayo, huizuia resini kuganda vizuri. Yaliyomfaa jino likiuma yaligeuka kikwazo siku ya kulizibia. Na kwa sababu ukingo wa chini ulikuwa kwenye dentini, hatukutaka kuutegemeza kwa kompoziti. Hapo chini tungeweka glasi-ayonoma iliyoongezwa resini, na kompoziti ingekaa juu yake. Glasi-ayonoma, waliyoitangaza Wilson na Kent mwaka 1972, inashika madini ya jino kwa muungano wa kikemia, haihitaji dentini kukaushwa sana, na inatoa floraidi taratibu. Haina ugumu wa kompoziti wala haivumilii kutafuna kwa muda mrefu kama amalgamu, ile dawa ya kuziba ya rangi ya fedha yenye zebaki. Lakini pale chini ya mgusano wa meno mawili hakuna kinachotafunwa. Kinachotakiwa ni kuziba.

Mbona si amalgamu? Ingekuwa chaguo halali. Haishiki jino kwa gundi, ila kutu yake yenyewe hujaza mwanya wa ukingo kadiri miaka inavyopita, na inavumilia unyevu. Mgonjwa hakuitaka kwa ajili ya zebaki na rangi, na kushikiliwa kwake kungehitaji kuchonga jino zaidi. Hatukubishana.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wake. Kato ya kushoto, jirani ya ile iliyomeguka, ilikuwa na vishimo vyenye kahawia karibu na ncha. Aliomba vifunikwe kwa kompoziti siku hiyohiyo, lakini bila kuchongwa. “Hilo halijavunjika, daktari. Msilikwaruze.” Tulimweleza kwamba bila kukwaruzwa huenda kisikae. Akasema akipoteza, apoteze kizibo, jino libaki. Ni hoja nzuri. Enameli haioti tena. Tukakubaliana.

Kazi yenyewe

Baada ya wiki mbili alirudi. Tulisafisha meno kwa unga wa pumisi na maji matupu, bila dawa ya meno yenye mafuta au floraidi. Tukayatenga kwa kitambaa cha mpira kinachotobolewa ili meno yatokeze na mate yabaki nyuma. Kuna wanaosema kitambaa hicho ni cha vyuo vikuu na kinakula muda. Kwa jino la mbele lililoshindwa kushika mara tatu, sioni namna ya kufanya kazi bila hicho. Pumzi yenyewe ina unyevu.

Sehemu ninayotaka isomwe polepole ni hii. Mwanafunzi hufundishwa kwamba enameli iliyoshikwa na asidi, ikioshwa na kukaushwa, inageuka nyeupe ya ukungu, na hiyo ndiyo ishara ya kuendelea. Jino la florosisi ni jeupe tangu mwanzo. Ukilikausha tu bila asidi yoyote, tayari linaonekana kama limeiva. Kwa hiyo tuliacha kutazama rangi tukatazama mng'ao. Baada ya sekunde 60 na kuosha kwa muda mrefu, tuliizima taa kubwa ya kiti na kumulika jino kwa upande kwa taa ndogo. Palipokwaruzwa kwa almasi pote palikuwa pamefifia sawasawa. Kwenye kato ya kushoto, ile isiyochongwa, uso ulififia kwa vipande: kuzunguka vishimo palikuwa pamekufa mng'ao, na kati yake palibaki visiwa vinavyong'aa kana kwamba asidi haijapita. Tukapaka tena kwa sekunde 60 nyingine kwenye visiwa hivyo. Viwili vilififia. Kimoja, upande wa nje karibu na ncha, kilibaki na mng'ao hafifu. Tukaandika kwenye faili, tukachora na kielelezo.

Kilichofuata kilikuwa cha kawaida. Gundi ilipakwa kwa kusuguliwa taratibu, ikapulizwa hadi ikaacha kutembea, ikagandishwa. Kompoziti iliwekwa kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, kila moja likimulikwa kivyake, kwa sababu mwanga haufiki chini ya tabaka nene na chini hubaki laini.

Gego lilichukua muda mrefu kuliko yote. Chini ya kizibo cha zamani tulikuta dentini iliyolainika na harufu ya karafuu bado ipo. Tuliondoa uozo hadi kwenye dentini ngumu ya kuta na kingo, tukaacha kiasi kidogo juu ya kiini pasipo kukifichua. Ufizi ulikuwa umevimba kidogo na kutoa damu kila ukiguswa, na damu kwenye ukingo ni mbaya kuliko mate. Tuliweka uzi wa kusukuma ufizi, tukangoja damu ikauke, tukafunga ukanda wa chuma na kuubana kwa kabari ya mbao mpaka usiwe na mwanya chini. Asidi ya polyakriliki ilipakwa kwa sekunde kumi na kitu, ikaoshwa, kisha glasi-ayonoma, kisha kompoziti.

Matokeo

Mshtuko wa baridi kwenye gego ulipungua ndani ya wiki chache, ukaisha. Picha ya eksirei iliyofuata haikuonyesha kivuli kipya. Kwenye ziara ya baadaye uzi wa meno ulikuwa umeanza kukwama tena kidogo: palikuwa na kijukwaa kidogo pale ambapo kompoziti inakutana na glasi-ayonoma. Tulikilainisha kwa ukanda wa msasa na uzi ukapita. Tulipotazama vizuri, glasi-ayonoma ilikuwa imelika kidogo kando. Kizibo kinaziba hadi leo, ila ukingo huo unahitaji kutazamwa kila anapokuja.

Kato ya kulia, ile iliyombandukia mara tatu, imepita mwaka mmoja ikiwa imesimama. Ilipata mstari mwembamba wa madoa ya chai upande mmoja, ambao uliondoka kwa kung'arishwa.

Kato ya kushoto ilipoteza kona ya kizibo chake baada ya miezi kadhaa. Kona iliyotoka ni ya nje karibu na ncha, palepale tulipochora kisiwa kilichobaki na mng'ao. Sehemu nyingine ya kizibo, juu ya vishimo, bado imeshika. Mgonjwa hakuhuzunika. Tulilainisha makali na kukiacha kilichobaki.

Uchambuzi

Mtu anaweza kusema jino la kulia limekaa kwa sababu ya kungoja wiki mbili. Mwingine atasema ni kwa sababu ya almasi, au asidi ndefu, au kitambaa cha mpira. Kwa jino hilo peke yake hatuwezi kutenganisha, kwa kuwa tulibadilisha yote kwa pamoja, na hivyo ndivyo mtu anavyofaa kumtibu mgonjwa aliyechoka. Lakini jino la kushoto linatusaidia. Lilipata kungoja kulekule, asidi nyingi zaidi, gundi ileile, kitambaa kilekile, mkono uleule, siku ileile. Lililokosa ni kukwaruzwa. Na kizibo chake hakikutoka ovyo. Kilitoka pale uso ulipokuwa umeikataa asidi mbele ya macho yetu. Siwezi kujenga kanuni juu ya jino moja, tena kona iliyotoka iko karibu na ncha inayoumia zaidi wakati wa kuuma. Hata hivyo, mahali palipotoka panakubaliana mno na tunachokijua kuhusu tabaka la juu la florosisi, na kwangu hilo linatosha kuendelea kukwaruza kwanza, mgonjwa akikubali.

Kizibo cha kwanza kabisa, kilichokaa miezi, kiliwekwa kabla ya peroksaidi. Viwili vilivyofuata viliwekwa baada ya peroksaidi, na vikakaa muda mfupi zaidi. Mfuatano huo unaonyesha kwamba florosisi pekee ilitosha kukidhoofisha kizibo, na peroksaidi ikaongezea. Ndiyo maana swali kuhusu dawa za kung'arisha meno linafaa kuwa miongoni mwa maswali ya kwanza Nakuru, na liulizwe kwa upole. Mwenye meno ya kahawia amejaribu mengi na hapendi kuhojiwa kama mshtakiwa. Uliza hivi: “Kuna kitu chochote umekuwa ukipaka ili yawe meupe?” Huyu wetu alijibu bila kusita. Alikuwa hajawahi kuulizwa.

Kuhusu kizibo cha tatu, kile walichorudia bila malipo, nina huruma na aliyekifanya. Alitenda haki kwa mgonjwa. Lakini kurudia kizibo kilichobanduka kizima, siku ileile, kwa hatua zilezile, ni kurudia sababu pamoja nacho. Kipande kilichobanduka ni ushahidi. Kitazamwe upande wa chini kwa kioo cha kukuzia kabla hakijatupwa.

Gego linafundisha jambo lingine, na naona ndilo zito zaidi kwa afya ya jino. Jino la mbele likipoteza kizibo, mwenyewe anakimbia kliniki. Gego lenye kizibo imara kinachovuja halimwambii mtu chochote mpaka uozo uwe umefika ndani, na yule aliyeambiwa “kizibo kiko sawa, hakitikisiki” anaamini. Uimara haukuwa kipimo. Vipimo vilivyosema kweli vilikuwa uzi uliochanika, kivuli cha eksirei, na baridi iliyomshtua.

Uamuzi wa kuweka glasi-ayonoma chini na kompoziti juu umefanya kazi iliyokusudiwa. Kulika kwake kando kulitarajiwa. Ile isiyoongezwa resini ingelika haraka zaidi. Ukingo ule ukifunguka siku moja, mpango umeandikwa: tutakata ufizi kidogo ili ukingo uonekane, tuukaushe vizuri, tuzibe upya sehemu hiyo tu. Kizibo chote hakitahitaji kutolewa.

Wapo wenzetu wanaofanya kazi katika vituo visivyo na kitambaa cha mpira wala stima ya kuaminika, na watauliza kisa hiki kinawahusu vipi. Kinawahusu sana. Njia ya kusafisha uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa glasi-ayonoma ilibuniwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali kama hapo hasa. Palipo na unyevu usioweza kuuzuia, dawa inayovumilia unyevu kidogo ni bora kuliko kompoziti nzuri iliyowekwa juu ya mate. Kwa meno ya mbele yenye florosisi, ukikosa kila kitu, usikose msasa na subira ya wiki mbili.

Maji ya nyumbani

Kwenye ziara ya mwisho alikuja na mwanawe wa miaka miwili na kuuliza kama meno ya huyo naye yatakuwa hivi. Taji za kato za kudumu huendelea kujengwa mpaka umri wa miaka minne au mitano, kwa hiyo swali lilikuja kwa wakati. Familia bado inachota kisima kilekile. Alikuwa akiyachemsha maji kwa bidii, akiamini yanapona. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Tulizungumza kuhusu kuvuna maji ya mvua kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa mtoto, kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imevishughulikia tangu miaka ya 1990, na kuhusu magadi anayotia kwenye maharagwe na mboga, kwani magadi ya huku nayo yana floraidi.

Aliomba tumwandikie kwenye karatasi ili akamwonyeshe mama mkwe, anayepika. Tukamwandikia, na tukamwomba alete chupa ya maji ya kisima yapimwe.